Testi zote zimepita. Je, nitie sahihi kwamba mfumo hauna kasoro?

«Shikamoo dada. Nina miaka miwili tangu nimalize chuo, nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya mifumo hapa Mwanza, tuko watu wanne. Tumetengeneza mfumo wa simu wa kuandikia manunuzi ya dagaa kwa chama cha wafanyabiashara wenye vituo mialoni, kunakoshushwa samaki, Igombe kikiwemo. Mimi ndiye mpimaji. Najisomea pia mtihani wa cheti cha upimaji na nimechanganyikiwa: uhakiki, uthibitishaji, testi ya moshi, saniti, rigresheni, sanduku jeusi, sanduku jeupe. Kila ninaposoma, maana inabadilika. Bosi anasema testi zetu zote 214 zinapita, msimbo umepitiwa kwa asilimia 100, na tulikaa wiki nzima mwaloni bila tatizo. Anataka nitie sahihi karatasi inayosema mfumo umethibitishwa kuwa hauna kasoro, ili mteja alipe. Moyo unasita ila siwezi kueleza kwa nini. Ni mimi sijayajua maneno vizuri, au kuna kitu kingine?»

Marahaba, mdogo wangu. Najua karatasi iko mezani inakusubiri, kwa hiyo nianze na jibu: usitie sahihi chini ya maneno hayo. Chini ya maneno mengine unaweza, na nitakuandikia mfano. Moyo wako unasita kwa sababu nzuri, na sababu hiyo haina uhusiano na ugeni wako katika istilahi. Umeombwa kuahidi jambo ambalo hakuna mpimaji, mwenye cheti au asiye nacho, anayeweza kulijua.

Piga hesabu na mimi. Chukua kisanduku kimoja tu cha fomu yenu, namba ya simu ya muuzaji. Ukiondoa 255 zinabaki tarakimu 9, yaani namba bilioni moja zinazoweza kuandikwa pale. Kompyuta ikijaribu namba 1,000 kila sekunde bila kupumzika itamaliza baada ya siku 11 na nusu hivi. Afadhali. Sasa ongeza namba ya mnunuzi, na utake kujaribu kila mchanganyiko wa hizo mbili: kwa kasi ileile utasubiri zaidi ya miaka milioni 31. Bado hatujagusa uzito, bei, tarehe, aina ya simu, wala mtandao unaokatika katikati ya kutuma. Ndiyo maana Edsger Dijkstra, mtaalamu wa kompyuta kutoka Uholanzi, aliwaambia wenzake mkutanoni Roma mwaka 1969 kwamba upimaji unaweza kuonyesha kasoro zipo, lakini hauwezi kuonyesha kwamba hazipo. Kazi yetu ni kuchagua maswali machache kati ya mengi yasiyohesabika. Thamani ya mpimaji iko kwenye uchaguzi huo.

Sasa hiyo asilimia 100. Bosi wako hadanganyi, anaisoma vibaya tu. Asilimia hiyo inasema kwamba testi zilipokuwa zinaendeshwa, kila mstari wa msimbo, yaani maagizo ya programu, uliguswa angalau mara moja. Haisemi kwamba kuna aliyeangalia kama mstari ulifanya jambo sahihi. Mtu anaweza kupita kila mtaa wa Mwanza akiwa amelala ndani ya daladala.

Nikuonyeshe kwa samaki. Sangara haruhusiwi kununuliwa akiwa chini ya sentimita 50. Chukulia mfumo wa manunuzi ya sangara una sharti hili: urefu ukizidi 50, kubali, vinginevyo, kataa. Mpimaji anaandika testi mbili, samaki wa 60 na samaki wa 40. Wa 60 anakubaliwa, wa 40 anakataliwa, mistari yote imepitiwa, skrini yote kijani. Asubuhi ya kwanza mwaloni anakuja samaki wa sentimita 50 kamili, halali kabisa, na mfumo unamkataa, kwa sababu aliyeandika msimbo aliweka «kuzidi» mahali pa «kuanzia». Tofauti ni alama moja. Testi ya samaki wa 49, 50 na 51 ingeikamata ndani ya dakika moja, na kitabuni utaikuta kwa jina la kupima mipaka. Na kuna ubaya mkubwa kuliko huo: msimbo ambao mwandishi alisahau kuuandika hauna mstari wa kupitiwa. Kama hakuna aliyefikiria karani akiacha uzito wazi, asilimia itabaki 100 na kasoro itabaki palepale.

Hiyo idadi ya 214 nayo hainiambii kitu hadi nizisome. Huenda 50 kati yake zinauliza swali lilelile kwa maneno tofauti. Fanya hivi kesho: chukua nakala ya msimbo, uharibu kwa makusudi. Geuza jumlisha iwe toa. Futa mstari unaokagua bei. Kisha endesha testi zote 214. Zisipopiga kelele, umegundua mahali zilipolala. Mimi hufanya hivyo kila ninapokabidhiwa testi za mtu mwingine, na karibu kila mara kuna kitu naweza kukivunja bila testi hata moja kushtuka. Zipo programu zinazofanya uharibifu huo zenyewe, kazi hiyo inaitwa upimaji wa mutesheni, lakini mkono wako unatosha kuanza.

Usinielewe vibaya, testi za kompyuta nazipenda. Zinarudia kazi ya kuchosha usiku kucha bila kukosea. Ila kompyuta inaangalia kile tu ulichoiambia iangalie. Wapimaji wawili maarufu, James Bach na Michael Bolton, wamesisitiza kwa miaka mingi kwamba kukagua ni kitu kimoja na kupima ni kingine: kukagua ni kulinganisha jibu na jibu lililotarajiwa, na mashine inaweza, kupima ni kuchunguza, kushangaa, kubadilisha swali kutokana na ulichokiona sasa hivi. Ukitenganisha mambo hayo mawili, nusu ya mvutano wako na bosi utaisha, kwa sababu yeye anakuonyesha ukaguzi na wewe moyo wako unadai upimaji.

Tuje kwenye maneno. Yanabadilika maana kwa sababu yametoka kwa mafundi tofauti, kila mmoja akaja na lake. «Moshi», kwa mfano: mafundi wa vifaa vya umeme waliwasha kifaa kipya na kuangalia kama kinatoa moshi, na mafundi bomba walipuliza moshi kwenye mabomba kutafuta panapovuja. Kwenye programu limekuwa jaribio fupi la kuona kama mfumo unawaka na unafaa kuendelea kupimwa. Saniti wengine wanaifanya kitu kilekile, wengine wanasema ni jaribio fupi la sehemu iliyorekebishwa tu. Usipoteze usingizi hapo. Sanduku jeusi na jeupe yanaeleza kama ulipima ukiwa umeuona msimbo ndani au la, basi. Hayaelezi ulipima nini. Mtu akikutupia neno, usimuulize maana yake kamusini. Muulize: wewe ukisema hivyo, unafanya nini hasa, na ungeona nini ungejua mfumo umeshindwa? Asipokuwa na jibu, neno hilo halijabeba kazi yoyote.

Neno moja kati ya hayo nataka tukae nalo, kwa sababu ndilo lililoandikwa kwenye karatasi yako. Mimi huita uhakiki swali la kwanza: je, tumejenga kama tulivyoandikiwa? Na huita uthibitishaji swali la pili: je, tulichoandikiwa ndicho anachokihitaji mtumiaji? Utakuta tafsiri nyingine inayageuza majina hayo, maana Kiswahili bado hakijakubaliana hapo. Shika maswali, majina yatakufuata.

Miaka kadhaa iliyopita nilipima mfumo unaofanana na wenu, wa mialo ya ng'ambo ya ziwa. Malalamiko ya kwanza yalikuwa kwamba hesabu za siku hazilingani na daftari. Tukagundua seva, ile kompyuta kuu inayotunza taarifa, inahifadhi saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3. Dagaa walioshushwa Ijumaa saa 8 usiku waliandikwa Alhamisi, saa 5 usiku. Kila kilichoingia kati ya saa 6 na saa 9 usiku kilirudi siku ya nyuma. Testi zetu hazikuona kwa sababu sote tulikuwa tunapima mchana, ofisini, na mchana tarehe hizo mbili zinafanana. Tukarekebisha, nikapima upya saa kwa saa, kila rekodi ikakaa kwenye tarehe yake. Nikaandika kwamba tatizo limekwisha.

Wiki iliyofuata mama mhasibu wa chama akapiga simu: bado. Nikavuka na kivuko cha Kamanga, nikaenda kukaa naye. Akafungua daftari lake, lile refu la mistari, juu ya ukurasa ameandika kwa kalamu nyekundu «Usiku wa kuamkia Ijumaa». Chini yake mzigo wote wa usiku ule, ulioshushwa saa 5 usiku na ulioshushwa saa 11 alfajiri, pamoja. Kwake usiku mmoja ni kazi moja: mafuta ni ya usiku huo, posho ya wavuvi ni ya usiku huo. Mfumo wetu ulikuwa unaukata usiku vipande viwili saa 6 kamili na kuviweka kwenye siku mbili. Nikarudi kwenye hati ya mahitaji. Imeandikwa «jumla ya manunuzi kwa kila siku», na mfumo ulikuwa unatoa hivyohivyo, bila kosa la hata kilo moja. Uhakiki tulifaulu. Uthibitishaji tulifeli, na hakuna testi ya kompyuta ambayo ingelijua hilo, kwa sababu jibu lilikuwa kwenye daftari la mama yule na hakuna kati yetu aliyewahi kuomba kuliona. Mpaka leo, kabla sijagusa mfumo, naomba kwanza daftari.

Ndiyo maana nakuuliza kuhusu hiyo wiki yenu ya mwaloni. Ilikuwa giza au mbalamwezi? Wewe ni wa huku, unajua dagaa huvutwa na taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, mitumbwi mingi inabaki nchi kavu. Ukipima wiki ya mbalamwezi utamkuta karani mmoja, wateja wawili, mtandao usio na msongamano. Giza likiingia, vituo vyote vinatuma kwa wakati mmoja, mikono imelowa na kioo cha simu hakisikii kidole, mwanga ni wa tochi. Karani anabonyeza «tuma», haoni jibu, anabonyeza tena, na tena. Kumbe mara ya kwanza taarifa ilifika kwenye seva; kilichopotea njiani ni jibu tu. Sasa muuzaji ana manunuzi matatu kwa beseni moja. Dawa yake inajulikana: simu iipe kila rekodi alama yake ya pekee kabla ya kutuma, ili seva ikiiona mara ya pili ijue ni ileile na isiiandike upya. Lakini utajua kama dawa hiyo ipo pale tu utakapozima data katikati ya kutuma, ukawasha, ukabonyeza mara tatu kwa hasira kama karani aliyechoka. Hamkuona tatizo mwaloni, sawa. Ulikuwa wapi, lini, na uliangalia nini? Bila majibu hayo, «hatukuona tatizo» ni habari ya macho yenu kuliko ya mfumo.

Angalia pia majina mnayopimia. Nikifungua kanzidata za majaribio, yaani hifadhi za taarifa za mfumo, nakutana na Juma, Asha na «abc». Je, mmewahi kuandika Ng'wandu? Katika lugha ya kanzidata nyingi, ile ritifaa ya ng' ndiyo alama inayofunga maandishi. Kama mwandishi wa msimbo amelibandika jina moja kwa moja ndani ya amri, jina linakatika baada ya Ng na «wandu» inasomwa kama sehemu ya amri. Mfumo unagoma. Na mlango huohuo unaomwangusha Ng'wandu ndio wadukuzi wanaoutumia kuingiza amri zao, kwa hiyo ukiukuta usiuchukulie kama suala la tahajia. Halafu jaribu kwa simu tofauti: nyingine huweka ritifaa iliyonyooka, nyingine iliyopinda, na mfumo unaweza kumfanya mzee mmoja kuwa wauzaji wawili wenye madeni tofauti. Usukumani hapa, hilo ni jaribio la siku ya kwanza.

Rigresheni nayo wengi wanaifanya iwe «kuendesha testi zote tena». Hiyo ni njia mojawapo tu. Swali lenyewe ni hili: tulichobadilisha hapa kimeharibu nini kule kulikokuwa kunafanya kazi? Na mabadiliko si ya msimbo peke yake, hata mahali pa kutumia pakibadilika ni mabadiliko. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilirushwa kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, ikajiharibu kabla ya dakika moja kuisha. Sehemu ya programu yake ilitolewa kwenye Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi vizuri. Roketi mpya ilikwenda kwa kasi kubwa zaidi kwa upande, namba fulani ikakua kuliko nafasi iliyotengewa, nafasi ambayo mwisho wake ni 32,767, na mfumo wa kuongoza ukazima. Bosi akikuambia «sehemu hii tumeshaitumia kwa mteja mwingine, imepimwa», muulize: imepimwa kwa wingi upi wa kazi, na kwa watu gani?

Kuhusu cheti, soma, ufanye mtihani kama umekwisha kulipa au kama kuna zabuni zinazokidai. ISTQB, bodi ya kimataifa ya vyeti vya upimaji iliyoanza 2002, imetusaidia wapimaji wa nchi mbalimbali kuwa na kamusi ya pamoja, na kwenye usaili jina hilo linafungua mlango. Kwenye mtihani jibu kwa maana za kamusi yao, usibishane na karatasi. Ila usidhani taaluma nzima imekubaliana. Viwango vya upimaji vya ISO 29119 vilipoanza kutoka mwaka 2013, mwaka uliofuata wapimaji wengi walitia saini waraka wa kuvipinga, wakisema vinasukuma watu kujaza makaratasi badala ya kufikiri. Mimi naona hoja yao ina uzito, hasa kwa ofisi ya watu wanne kama yenu. Mkutano wenu wa asubuhi mkinywa chai unaweza kufanya kazi ambayo hati ya kurasa 40 haifanyi.

Sasa bosi. Usimwendee kama polisi. Ana mishahara ya kulipa na mteja anayechelewesha, na ninyi watatu mnategemea malipo hayo. Ukikataa tu, utaonekana mzuiaji. Ukitia sahihi kimya, mzigo wa kwanza kupotea utaandikwa kwa jina lako. Mpelekee maneno haya, ukijaza ya kwenu: «Kati ya tarehe fulani na fulani tulipima uandikishaji, utumaji na jumla za manunuzi kwa aina tatu za simu. Kasoro tulizozikuta ni hizi. Hizi zimerekebishwa, hizi bado, na athari yake ni hii. Hatujapima usiku wa giza vituo vyote vikituma pamoja, wala usalama dhidi ya wadukuzi. Kwa tulichokiona, tunaona mfumo unafaa kuanza kutumika katika vituo viwili.» Mteja mwenye akili analipa kwa karatasi kama hiyo kwa moyo mweupe kuliko ile ya kwanza, kwa sababu anajua pa kuweka jicho. Mwambie bosi pia kwamba inamlinda yeye: aliyeandika «hauna kasoro» ameshajifunga kabla ya kasoro ya kwanza.

Yapo ya kutafutia msaada wa ana kwa ana. Kama karatasi ni sehemu ya mkataba wenye fidia, mwanasheria aisome kabla ya kalamu kugusa. Kama mfumo unahamisha pesa, si kuandika manunuzi tu, mtafute aliyewahi kupima mifumo ya malipo akae nanyi siku mbili. Upimaji wa usalama mwachie mwenye ujuzi huo, tena kwa ruhusa ya maandishi ya mwenye mfumo, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haimwachi anayeingia bila ruhusa. Na kama kompyuta za majaribio zina majina na namba halisi za wauzaji, ziondoeni leo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zaidi ya sheria, watu wale hawakuwapa namba zao mkafanyie mazoezi.

Kabla ya yote hayo, angalia mwezi. Zikiingia siku za giza, nenda Igombe jioni, ulale huko kwa wenyeji wenu. Saa 8 usiku mpe karani simu yenye chaji kidogo, usimwelekeze chochote, kaa pembeni na kalamu yako uandike kila anapositasita. Asubuhi omba daftari lake, ulisome pamoja naye mstari kwa mstari kando ya ripoti ya mfumo. Kisha uniandikie ulichokiona.